Mwezi ya Kadi ya Dawa

Kazi moja, 2 Juni 2025

Baridi! Vumbi imeingia mpaka mu chumvi. Bajukulu yangu banaita siku kwa Français: lundi, mardi. Minye nilifunzwa Jumatatu ni kazi moja, Jumanne kazi mbili, na nitaandika vile mpaka nife.

Asubui Mama Bibiane, jirani yangu, alikuya mbio na kilemba haijafungwa. Habari! Serikali inagawa kadi ya dawa kwa wazee, bale bote bamepitisha miaka makumi sita. Unatia mukono, unalipa kidogo kila mwezi, na dawa ya tansio, ile presha ya damu, ya sukari, ya moyo unapata ku farmasi bila kulia. Lakini mwisho ni mwezi huu. Muntu akikuya nyuma ya Juni atalipa zaidi, tena si mwaka moja, mpaka kaburi! Na atangoja nusu mwaka mbele ya kuona hata kidonge.

Nilipeleka habari kwa bwana yangu. Amuri alikuwa anatengeneza radio, hakuinua kichwa.

"Minye niko na kampuni," alisema.

Kampuni, ile alifanyia kazi na ilitupa dawa bure! Dispanseri yake ilifungwa zamani, leo bantu ba kanisa banaimba ndani na ngoma mpaka mutu anasahau jina yake. Nilikuwa na jibu muzuri sana mu kinywa. Lakini nilikuwa na sufuria ku moto pia.

Kazi tatu, 4 Juni

Courant, umeme, hakuna tangu jana. Amuri anagombana na ukuta: ile wakati yake, akiwa fundi ya courant ya kampuni, waya zilitoka ku bwawa ya Mwadingusha mpaka hapa Likasi na taa haikuzimaka hata siku ya mvua! Ndiyo, Papa Haruna. Tunajua, Papa Haruna. Haruna mwenyewe, mutoto yetu ya kwanza, anasemaka baba yake aliunganisha jua na kisu ya mukono.

Leo nilimubamba Amuri. Alikuwa anakata kidonge ya tansio katikati, na kisu ya vitunguu.

— Unafanya nini?

— Nusu inatosha. Ili zikae.

Ili zikae! Na mwaka jana, mbele ya Ramadani, si njo yeye alilala mu kiwanja mudomo umeenda upande? Haruna alimubeba mugongoni. Munganga alisema wazi, mbele yetu bote: kidonge nzima, kila siku, usikate, usisahau — mara ya pili haitakuwa nyepesi. Sasa baba anapima dawa na kisu ya vitunguu.

Nilikaa chini nikakumbuka dispanseri. Ukuta nyeupe, harufu ya alkoli. Bamama mustari murefu, kila moja na mutoto mugongoni na mwingine mukononi, tunasengenya bantu mpaka zamu ifike. Munganga-mwanamuke, Mama Madeleine, haikuwa mutu ya kucheza naye: unameza mbele yake, unafungua kinywa, "Aaaa!" Haruna alitemaka mafuta ya samaki ku ukuta, na kila mara nilipanguza na kitenge yangu. Hakuna mutu aliulizaka bei. Nilifika kuwa na bajukulu mbele ya kujua kama dawa iko na bei.

Ni ile wakati pia nilijifunza kuandika, ku Foyer, nyumba ya kampuni ya kufunza bamama, pamoja na kushona. Mwalimu alisema: andikeni kila siku hata kama hakuna habari. Basi, mwalimu, habari iko.

Ijumaa, 6 Juni

Leo si kazi tano. Leo ni Ijumaa, na ni Idi!

Mbuzi ilikuwa muzuri. Wali ulishika kidogo chini lakini Amuri anapendaka ile ya chini. Papa Idriss alikuya kula. Yeye na Amuri balifanya kazi pamoja tangu bakiwa bijana benye nyele.

Kati ya hawa babili iko jambo moja, na kila Idi linatoka. Ile mwaka ya shida, mishahara ilipokosa miezi na miezi, balituambia: mwenye kutaka kutoka kwa mapenzi yake atie mukono, apate feza yake mara moja, aende. Départ volontaire. Idriss alitia. Alinunua gari ya kubeba bantu, ikakufwa mbele ya mwaka kuisha. Siku aliyopeleka muke yake hospitali ya kampuni, balimuambia: Papa, weye ulitoka. Amuri alikataa. Alibakia bila mushahara, lakini alibakia muntu ya kampuni. Mpaka leo anasemaka vile: muntu ya kampuni.

Leo Idriss alitosha kadi mupya mu mufuko. Kadi ya dawa! Na picha yake, macho wazi sawa mbuzi imeona kisu. Tulicheka sana.

Amuri alisema: "Weye! Ukiona kalamu tu, mukono inatembea yenyewe."

Idriss pia alicheka. Halafu aliacha kucheka. Alisema pole pole, ndugu yangu, ile mara nilitia mukono ili nitoke. Hii mara nimetia ili niingie, si kintu moja.

"Ile mara pia balisema ni muzuri," Amuri alijibu. Akamuongezea nyama. Njo tabia yake: anakuchoma, anakulisha.

Kazi mbili, 10 Juni

Nilienda ku biro ya kadi na Mama Bibiane. Amuri anajua tunaenda soko. Na soko tulienda pia, nilileta nyanya za Kapolowe, basi si buongo.

Mwenye kuandika bantu ni Madame Adrienne. Kijana, makucha ndefu, anaanza na Français, akiona uso yetu anarudia ku Swahili. Nilimupenda. Alieleza kila kintu mara mbili, hakukasirika. Mwenye kuingia mu Juni anapata dawa tangu Julayi. Mwenye nyuma — ile ile Bibiane alisema.

Halafu aliuliza: "Mama, bwana yako iko na kinga ingine ya dawa?"

Nilisema: kampuni.

"Basi alete attestation, karatasi yenye kusema kampuni inamupa dawa mpaka leo. Akiwa nayo anaweza kungoja mwaka yote, hatalipa zaidi. Akikosa, aingie sasa. Na chef de ménage, mukubwa ya nyumba, njo anatia mukono."

Bibiane alitia pale pale, "Alléluia!" mpaka mulinzi aligeuka. Yeye ni mujane, mwenye nyumba ni yeye. Mu njia alijisifu: tangu Kalenga yangu alikufwa niko chef, chef ya kuku na ya deni! Nilicheka, lakini kichwa yangu ilikuwa ku ile karatasi.

Siku ya Mungu, 15 Juni

Nilimuambia Amuri. Yote: biro, Adrienne, attestation. Nilifikiri ataona wazi kama hana. Kosa gani!

Alisimama. Alicheka! "Unaona? Serikali yenyewe inauliza kampuni. Bado inajua kampuni njo baba, njo mama."

Sasa anapiga pasi shati. Yeye mwenyewe, na makaa. Tangu tuoane sijamuona na pasi.

Kazi tatu, 18 Juni

Tulienda pamoja ku biro ya bazee ba kampuni. Kwa miguu, juu alitaka kupita pale tulipitaka zamani. Mwendo ilikuwa ndefu, muguu wa kushoto anauvuta kidogo, lakini mudomo haikupumzika. Hapa ilikuwa sinema. Hapa nilikunywa Fanta na weye, ulikuwa na viatu nyeupe. (Vilikuwa vya dada yangu na vilinibana, sijamuambia mpaka leo.) Hapa fanfare, bantu ba tarumbeta, ilipigaka siku ya fête, na trombone ilikuwa ya Muluba moja mwenye tumbo.

Na minye nilikumbuka. Siren ya asubui, mji yote inaamuka mara moja. Wanaume mu njia na kofia ya kazi, wengi, wengi, unasikia viatu tu. Nilikuwa nasimama pa mulango na mimba ya Haruna kutafuta kofia moja kati ya zote. Sikukosa hata siku moja. Nilitembea nikiwa na furaha, mutu mukubwa kama minye!

Ku biro, binti mwenye heshima alitukaribisha, alitafuta jina, akaipata. "Papa Amuri, fundi ya courant. Ndiyo, uko hapa." Lakini karatasi inatiwa mukono na mukubwa wake, na mukubwa iko Lubumbashi. Murudie mu Agosti.

Amuri alitoka na meno inje. "Banajua jina yangu, Mama Haruna! Umesikia? Hata kazi yangu banajua."

Nimesikia. Nimesikia Agosti pia. Juni itafika Agosti wapi? Lakini uso yake ilikuwa ya kijana, na sikukuwa na nguvu ya kuizima. Tulinunua mikate ya mafuta, tukala njiani.

Siku ya posho, 21 Juni

Posho! Bado tunaita siku hii posho, na hakuna mutu anatupa posho. Ile wakati ilikuwa unga, maharagi, mafuta ya mawese, chumvi, samaki za ziwa ya Tshangalele zimekaushwa vizuri. Kipimo ya bwana, kipimo ya muke, kipimo ya kila mutoto. Ukizaa, unga inaongezeka! Bamama balifika na bitunga, baliimba, baligombana, balipatana mbele ya kufika nyumbani. Nilikuwa na nguvu ya kubeba gunia ku kichwa na Fatou, binti yetu, mugongoni, bila kushika.

Haruna alituma boite moja ya vidonge, kwa dereva mwenzake. Moja tu. Yeye Haruna iko na lori ku Kasumbalesa, ku mupaka, mustari haitembei. Nilificha kisu ya vitunguu. Amuri anakata na meno.

Kazi mbili, 24 Juni

Amuri alikuwa anakunywa chai. Kikombe ilianguka. Hakuiachilia, ilianguka tu, na mukono ilibakia wazi mu hewa. Nilimuita. Alinijibu na maneno yenye sikuelewa, sawa mutu iko na unga mu kinywa. Yoo Mungu wangu. Nilimushika kichwa, nilisoma Fatiha, nikakosea katikati, nikaanza tena.

Halafu ilipita. Alisema wazi: "Chai ilikuwa moto."

Chai ilikuwa baridi! Minye njo niliimimina!

Munganga ya kartie, ya mutaa yetu, alikuya, alipima, alitingisha kichwa. Alisema ile ile ya mwaka jana: kidonge nzima. Aliniangalia minye, hakumuangalia yeye. Usiku sitaandika. Nitakaa karibu yake, nisikilize pumzi.

Kazi ine, 26 Juni

Amuri iko muzuri leo. Alikaa ku jua, mugongo ku ukuta. Nilikaa karibu yake na mboga ya kuchambua, juu bila kazi ya mukono siwezi kusema maneno nguvu.

Nilimuuliza: Papa Haruna, unataka nikuzike juu ya karatasi?

Aliegemeza kichwa ku ukuta, akafunga macho. Nilifikiri amelala.

"Unakumbuka ile mwaka tulikulaka mara moja kwa siku?"

Nakumbuka.

"Na mashini yako ya kushona?"

Ananiuliza minye! Mashini yangu, zawadi ya Foyer, niliipanguzaka kila jioni sawa mutoto. Niliiuzisha soko ya Kikula, kwa unga. Nilirudi bila kugeuza shingo.

"Na Fatou alitoka ku masomo," alisema. "Mutoto mwenye akili kuwashinda bote. Yote ile ni juu nilikataa kutia mukono. Sasa nitie? Basi Fatou aliacha masomo juu ya nini? Uniambie. Ukiniambia, nitatia."

Niliinamia mboga. Kumbe si kiburi tu! Nilifikiri ni kiburi, miaka yote. Nililia ndani ya mboga. Nilimupenda sana pale, na nilitaka kumupiga na mwiko. Bibili kwa mara moja.

Halafu nilisema: ile mara ulikataa ili tubakie na dawa. Sasa unakataa, na tunabakia bila.

Alisogea, akanisaidia kuchambua mboga. Vibaya sana, alitupa yenye muzuri.

Ijumaa, 27 Juni

Biro inafunga kesho saa sita ya mchana. Kazi moja ni tarehe makumi tatu, fête ya Indépendance, sikukuu ya uhuru, mulango itafungwa. Bantu bengi banafikiri biko na siku mbili bado. Maskini!

Nilienda peke yangu, bila kusema soko. Nilimuuliza Madame Adrienne: kama mwanaume hakuye?

"Mama, chef ni yule anatia mukono. Weye unaweza. Papa tutamuandika à charge. Dawa atapata sawa sawa."

À charge. Neno ile ninaijua. Ku karatasi ya kampuni, juu kabisa: Amuri, chef. Chini: Mwanvua, à charge. Haruna, à charge. Fatou, à charge. Sisi bote, benye kubebwa. Siku alinionyesha mara ya kwanza nilikuwa bibi-harusi, na nilisikia raha, kweli. Nilijua niko mugongoni ya mutu na hataniangusha. Na hakuniangusha. Alikata nyama yake akanipa. Sasa niende niandike Amuri chini yangu?

Mama yangu angekuwa muzima angenichapa. Shehe ya muskiti angesema nini? Majirani? "Mwanvua amekuwa bwana!"

Haruna alituma sauti ku telefone: Mama, tia mukono tu, Papa atakasirika juma moja halafu atameza. Rahisi kwake, yeye iko mbali, ku lori yake.

Sikutaka kumuficha Amuri. Nilimuambia yote, mbele ya chakula, neno kwa neno.

Aliuliza kintu moja tu. "Balisema vile? À charge?"

Nilisema, njo neno yabo.

Hakumaliza wali. Hata ile ya chini.

Siku ya posho, 28 Juni

Niko ku biro. Naandika ku magoti. Bantu ni wengi mpaka inje, bote bamekumbuka leo! Mama Bibiane amenisindikiza, anaomba Mungu kwa sauti yenye inasikika mu kartie yote ya Panda.

Asubui nilimuambia Amuri: naenda. Nilingoja aseme usiende. Kama angesema usiende, sijue, labda ningevua viatu. Alisema: "Enda na Mungu." Akageuka ku ukuta.

Hapa mbele ya meza ya Madame Adrienne iko viti vya bachef. Bale benye kubebwa banaikala ku banki, kiti murefu ya mbao, nyuma, ku ukuta: babibi, bagonjwa, kipofu moja na fimbo yake. Mustari inatembea vizuri. Natamani isitembee.

Amekuya!

Amuri amekuya, iko pa mulango. Kwa miguu, peke yake, na muguu ule! Jasho na baridi hii. Bantu banamupisha. Nimeondoa saki, mukoba yangu, ku kiti ya karibu na minye, nimekipanguza na mukono, nimemuita na macho. Ikala, Papa Haruna. Njo chako. Mungu wangu aksanti, amekuya kutia mukono mwenyewe.

Ameona kiti. Amekiangalia.

Amekipita.

Ameenda nyuma. Ameikala ku banki ya benye kubebwa, kati ya kipofu na bibi mwenye kukohoa. Amemusalimia bibi. Amenyoosha mugongo sana. Ametia mikono ku magoti, ile muzuri juu ya ile mugonjwa.

Mama Bibiane ameacha sala katikati. Bibiane!

Banaita: "Familia ya Amuri!"

Madame Adrienne anafuata macho yangu, anamuona, anatabasamu, anamuonyesha kiti: Papa, karibu, chef akuye. Amuri hasimame. Biro yote inamuangalia. Yeye ananiangalia minye. Hana hasira, nazijua macho ya hasira yake. Ananingoja.

"Familia ya Amuri! Chef iko wapi?"

Bado naandika, nikiacha kuandika nitalia. Bibiane ananisukuma na kiwiko, simama, Mama Haruna, simama sasa —